Mwongozo Kamili wa Kumwezesha Mwanafunzi wa Sekondari Dar es Salaam Kwenda Shule kwa Baiskeli

Nauli ya mwanafunzi katika daladala za Dar es Salaam ni shilingi 200, na haikuguswa hata nauli za watu wazima zilipopandishwa mwishoni mwa mwaka 2023. Unafuu huo ni wa maana kwa kila familia, lakini una upande wa pili ambao mzazi yeyote wa jiji hili anaujua: konda anayehesabu mapato ya siku humwona mwanafunzi kuwa abiria anayeziba nafasi ya mwenye nauli kamili, na ndiyo maana vituo vyetu vimejaa sare za shule saa 12 na nusu asubuhi huku magari yakipita bila kusimama. Mtoto anafika amechelewa, amechoka kwa kusukumana, na jioni hali hiyo inajirudia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mzazi, mlezi au mwalimu mwenye kijana wa miaka 13 hadi 18 anayesoma shule ya kutwa iliyo kati ya kilomita 2 na 7 kutoka nyumbani. Chini ya kilomita 2 miguu inatosha, na zaidi ya 7, hasa kwa wanaopanda na kushuka vilima vya Kimara, Goba au Pugu, safari inaanza kumla mtoto nguvu anazozihitaji darasani. Ndani ya masafa hayo baiskeli haina mpinzani. Kijana anayekwenda kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa humaliza kilomita 5 kwa dakika 20 hadi 25, pamoja na kusimama kwenye vivuko, na muda huo haubadiliki sana hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na safari ya kwenda na kurudi inatimiza sehemu kubwa ya hizo.

Naomba jambo moja lieleweke kabla ya hatua zenyewe. Kijana wangu wa kwanza nilimnunulia baiskeli Jumamosi, nikampa nasaha ndefu Jumapili, na Jumatatu nikamwachia barabara. Alirudi na goti limechubuka, amenyamaza, na baiskeli ile ilikaa ukutani karibu miaka miwili. Baadaye nilipoipita njia aliyoitumia nikaelewa kwamba hakuwa mvivu wala mwoga. Nilikuwa nimemtuma peke yake kwenye barabara ambayo mimi mwenyewe nisingeithubutu. Tangu hapo ninaamini kuwa kazi ya mtu mzima ni kushughulikia njia, baiskeli na wenzake wa safari. Hayo matatu yakikaa sawa, kijana huhitaji maneno machache sana ya kumshawishi.

Hatua ya kwanza: Muulize, kisha umsikilize

Mkalishe kijana wakati ambao hakuna ugomvi wa masomo wala wa simu, umuulize safari yake ya shule ikoje kwa sasa: anaamka saa ngapi, anasubiri gari dakika ngapi, nani humsumbua kituoni. Kisha muulize nini kingemzuia kupanda baiskeli. Majibu ya vijana wa jiji huwa yanafanana: ataonekana hana uwezo, atatoka jasho, baiskeli itaibiwa, magari yanatisha. Usiyabishie. Yaandike, kwa sababu kila moja lina hatua yake huko mbele, na kijana akiona hofu yake imeandikwa na kufanyiwa kazi, mradi unakuwa wake pia.

Hesabu nayo isaidie. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi anatumia shilingi 77,600 kwa mwaka, na anayeunganisha magari mawili kila upande anatumia shilingi 155,200. Kubalianeni mapema kwamba sehemu ya fedha hiyo itakuwa ya matengenezo ya baiskeli na sehemu nyingine itakuwa yake. Ahadi hiyo itimizwe, kwani kijana aliyevunjiwa ahadi ya fedha huikumbuka kwa muda mrefu.

Hatua ya pili: Tafuta njia

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Njia ya daladala karibu kila mara ndiyo njia mbaya ya baiskeli. Chukua daftari, uende mwenyewe, kwa baiskeli ukiweza au kwa miguu, mara tatu: Jumapili asubuhi barabara ikiwa tulivu, siku ya shule saa ileile atakayopita, na alasiri ya siku ya shule atakaporudi. Barabara iliyolala saa 12 asubuhi inaweza kuwa soko zima saa 10 jioni.

Mitaa ya Dar es Salaam haikujengwa kwa mpango mmoja, na tofauti hiyo ina faida kwa mpanda baiskeli. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zina viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na ndiyo sababu zina mitaa ya ndani inayokwenda sambamba na barabara kubwa. Kijana wa Sinza anayesoma upande wa Mwenge anaweza kukaa kwenye mitaa hiyo karibu safari nzima, akaigusa barabara ya Sam Nujoma pale tu anapolazimika kuivuka. Manzese na Tandale ni habari nyingine. Vichochoro vyake vinapitika asubuhi mapema, lakini jioni vimejaa watoto wanaocheza, majiko na ndoo za maji, kwa hiyo hapo kijana afundishwe kushuka na kuikokota baiskeli bila kuona aibu. Kwa wanaokaa kando ya barabara ya Morogoro, ujenzi wa awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza huduma Mei 2016, uliacha njia za pembeni za baiskeli na waenda kwa miguu. Ni msaada mkubwa, ila zikaguliwe kwa macho yako, kwa kuwa bodaboda hupita humo na wafanyabiashara hupanga bidhaa juu yake. Njia ya mabasi yenyewe isiingiwe kabisa, hata kama haina basi.

Katika daftari chora njia nzima na uweke alama kwenye kila mahali penye hatari: mtaro ulio wazi, kifuniko cha chemba kilichoibwa, mchanga uliojikusanya pembeni ya lami, kijiwe cha bodaboda ambako pikipiki hutoka bila kuangalia, geti la gereji au la ghala ambako malori huingia, kituo cha daladala, rasta na matuta. Kisha tafuta mahali pamoja pagumu kuliko pote, ambapo kwa kawaida ni pa kuvuka barabara kubwa. Usiendelee na hatua nyingine hadi umepata jawabu la mahali hapo. Jawabu linaweza kuwa taa za barabarani zilizo mita 300 mbele, daraja la waenda kwa miguu, zebra yenye askari wa usalama barabarani asubuhi, au kuzunguka dakika 5 zaidi. Njia ndefu yenye utulivu ni bora kuliko fupi yenye malori, na kijana ataikubali endapo alishiriki kuichagua. Kama mahali hapo hapana jawabu lolote, mtoto asipande baiskeli kwa njia hiyo. Nguvu zako zielekee kwanza kwenye barua nitakayoieleza mbele.

Hatua ya tatu: Chagua baiskeli na uikague

Kwa safari ya shule, baiskeli ya mtumba iliyo nzima ni bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye gia nyingi na vyuma vyepesi vinavyopinda. Phoenix, ile nzito nyeusi, inavumilia miaka mingi na kila fundi anaijua, lakini ni nzito kwa kijana mdogo. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, fremu iliyoshuka na kava la mnyororo, zimekaa vizuri kwa sare za shule kana kwamba zilitengenezewa kazi hiyo. Baiskeli za milimani zenye tairi pana zinawavutia wavulana zaidi. Hazina ubaya, mradi ziwe na madigadi na keria.

Nenda na fundi baiskeli wa mtaani kwako, umlipe muda wake. Kagua maungio ya fremu, hasa chini ya usukani, uone kama kuna ufa au mahali palipochomelewa na kupakwa rangi upya. Inua baiskeli uzungushe kila gurudumu: likiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoku zimelegea. Shika kanyagio na ulisukume kuelekea ndani na nje. Likicheza, gololi zimekwisha. Bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma ili usikie kama uma unagonga. Angalia pia breki ipi iko mkono upi. Zilizotoka Japani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, ilhali nyingi za Ulaya bara zina ya mbele kushoto, na kijana aliyezoea moja anaweza kubana nyingine kwa nguvu akarushwa mbele.

Ukubwa wa baiskeli ni suala la usalama. Akisimama juu ya fremu, miguu yote miwili ikanyage chini bila bomba kumgusa. Akikaa kwenye siti, kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki na mkunjo mdogo tu. Kwa wiki mbili za kwanza siti ishushwe hadi vidole vya miguu yote vifike ardhini, kisha ipandishwe taratibu. Usimnunulie baiskeli kubwa kwa hoja kwamba atakua, kwani mwaka wa kuikulia ndio mwaka wa kuanguka.

Kisha viongezwe vifaa vyake: kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, viakisi mwanga kwenye spoku, keria yenye mpira wa kufungia begi, pampu, viraka na solusheni, na kufuli zito. Begi likae kwenye keria au kikapuni, kwa kuwa mzigo wa vitabu mgongoni hupandisha uzito juu, huyumbisha mwili na kulowesha shati. Helmeti ivaliwe sawasawa: ikae mlalo, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na kati ya kamba na kidevu kiingie kidole kimoja au viwili. Helmeti iliyosogezwa kisogoni ili nywele zionekane inaacha paji la uso wazi.

Hatua ya nne: Mfundishe uwanjani, kisha mtaani

Wengi hudhani kijana anayejua kuendesha tayari anajua barabara. Nchini Uholanzi, ambako watoto huzaliwa katika utamaduni wa baiskeli, wanafunzi wa miaka 11 au 12 bado hufanya mtihani wa alama za barabarani na wengi pia hupimwa wakiendesha mitaani. Sisi tufanye vivyo hivyo kwa kipimo chetu. Uwanja wa shule au wa mpira Jumamosi asubuhi unatosha.

Zoezi la kwanza ni kusimama. Chora mstari kwa chokaa au kwa mguu, aje kwa mwendo wa kawaida na asimame gurudumu la mbele likiwa juu ya mstari, akibana breki zote mbili kwa pamoja. Rudia mara kumi. Halafu mwagia rimu maji, arudie, ajionee mwenyewe jinsi baiskeli inavyokataa kusimama, hasa yenye rimu za chuma. Somo hilo kijana akilipata uwanjani hatalisahau masika yakianza.

Zoezi la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote: kutazama nyuma juu ya bega la kulia bila kuyumba. Simama nyuma yake, unyooshe vidole kadhaa, na yeye akiwa anaendesha kwa mstari mnyoofu ageuze shingo na ataje idadi. Wanaoanza karibu wote hufuata shingo yao na kuingia katikati ya njia. Hadi aweze kutaja idadi mara tano mfululizo bila kutoka kwenye mstari, asiingie barabara yenye magari. Baada ya hapo aongeze kutoa ishara ya mkono, kuendesha kwa mkono mmoja, na kupita kati ya chupa zilizopangwa kama mashimo.

Mtaani afundishwe mambo machache, kila moja na sababu yake, kwa maana kijana hutii zaidi anachokielewa. Tunaendesha kushoto, lakini si kwa kujibana ukingoni kabisa ambako kuna mchanga na mtaro; abaki na nafasi ya kukwepa upande wa kushoto pia. Gari lililoegeshwa alipite kwa umbali wa mita moja, kwa sababu mlango unaweza kufunguliwa wakati wowote. Daladala iliyosimama kituoni asiipite kushoto, kwa kuwa mlango wa abiria uko upande huo; asimame nyuma yake asubiri, au ashuke. Lori linalokata kushoto ni hatari kubwa kuliko zote. Dereva aliye juu hamwoni mtu aliye karibu na tairi lake la kushoto, na gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi ya lile la mbele, hivyo asikae ubavuni mwa lori hata kama lori limesimama kwenye taa. Kwenye kipilefti na kwenye kukata kulia barabara kubwa, ashuke, apite zebra kama mtembea kwa miguu. Masikio yabaki wazi, simu na muziki visubiri. Na asipakie mshikaki, hata rafiki akimbembeleza, kwani mtu aliyekaa kwenye keria huongeza uzito nyuma na kuharibu uwezo wa kusimama.

Hatua ya tano: Msindikize kwa siku kumi za shule

Siku tatu za kwanza mtu mzima atangulie na kijana afuate. Siku nne zinazofuata kijana atangulie, mtu mzima akae nyuma na kunyamaza, maelezo yatolewe nyumbani jioni na si barabarani kwa sauti ya juu mbele ya wenzake. Siku tatu za mwisho mtu mzima asubiri tu mahali pale pagumu pa kuvukia, amwone akivuka, arudi. Kama wewe huendeshi baiskeli, mwombe mjomba, kaka mkubwa au jirani anayeendesha. Siku ya kumi na moja mwache. Kumfuata kijana wa kidato cha tatu hadi getini mwezi mzima ndiyo njia ya haraka ya kumfanya aichukie baiskeli.

Hatua ya sita: Mtafutie wenzake

Kijana mmoja juu ya baiskeli huitwa majina. Vijana sita wakifika pamoja hutazamwa kwa hamu. Mjini Barcelona, Uhispania, wazazi walianzisha mwaka 2021 misafara ya watoto wanaokwenda shule pamoja kwa baiskeli, kwa njia na muda maalumu kama basi, na wazo hilo linahamishika. Kwa Dar es Salaam napendekeza kikundi cha watu 4 hadi 8, kwa kuwa kikizidi hapo kinakatika kwenye kila kivuko. Waende mmoja nyuma ya mwingine. Mbele akae yule mwangalifu, ambaye mara nyingi siye mwenye kasi. Nyuma akae mwenye nguvu na pampu, na mwendo wa kundi uwe wa yule dhaifu. Kila kituo cha kukutania kiwe na saa yake, na anayechelewa asubiriwe dakika 3 tu. Wazazi wawe na kundi lao la simu kwa taarifa mbili pekee: wameondoka, wamefika. Viongozi wa msafara wachaguliwe na vijana wenyewe, na sheria wazitunge wao. Nimewaona vijana wakitunga adhabu kali kuliko ambazo mzazi angethubutu kuzitaja.

Hatua ya saba: Zungumza na shule

Mwendee mkuu wa shule mkiwa wazazi watatu au zaidi, mkiwa na pendekezo mkononi. Ombeni eneo la kuegesha linaloonekana kutoka ofisini au kwa mlinzi wa geti, lenye mabomba yaliyosimikwa kwa zege ya kufungia fremu na gurudumu pamoja, na paa la makuti au bati, kwani jua la Dar es Salaam hupasua tairi. Wazazi wanaweza kuchangia saruji na mabomba, na fundi kuchomelea akawa mzazi wa shule hiyohiyo. Kila baiskeli iandikwe namba kwenye fremu na namba hiyo iwe kwenye daftari la mlinzi. Mwombeni pia mwalimu wa nidhamu amsikilize kwanza mwanafunzi aliyechelewa kwa pancha kabla ya kumwadhibu, na wanaofika kwa baiskeli waruhusiwe kunawa na kubadili shati kabla ya mstarini. Hili la jasho ndilo linalowaondoa wengi, na dawa yake ni shati la pili, taulo dogo na kuondoka dakika 10 mapema ili asikimbize.

Barabara ya mbele ya shule nayo iangaliwe. Kwa mitaa mingi mhusika ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Andikeni barua moja fupi, ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na bodi ya shule, ikitaja mahali halisi, saa, idadi ya wanafunzi wanaovuka mliyoihesabu wenyewe kwa asubuhi tatu, na kitu kimoja mnachokiomba: tuta, zebra au kufunikwa kwa mtaro. Maombi madogo yana uzito. Shirika la Amend lilifanya kazi ya namna hiyo kwenye shule za msingi za jiji hili kwa njia za miguu, matuta, vivuko na alama, na mradi wake ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019. Chama cha waendesha baiskeli cha UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, nacho kimekuwa kikidai njia za baiskeli katika jiji hili, na wanachama wake wanazijua barabara hizi kwa undani.

Kuhusu wasichana

Wasichana wengi wangependa kuendesha na wengi hukatazwa, kwa hiyo sehemu hii isirukwe. Kuna maneno kwamba baiskeli humharibu msichana. Hayana msingi wowote wa kitabibu, na mama, shangazi au bibi ndiye anayefaa kuyaondoa nyumbani kwa utulivu, kabla jirani hajayaleta. Sketi ndefu ya sare inaendesheka vizuri kwenye fremu iliyoshuka yenye kava la mnyororo, akivaa kaptula ya kubana au taiti ndani. Hijabu ichomekwe vizuri chini ya helmeti, ncha zake zisipepee karibu na spoku. Siku za hedhi aamue mwenyewe kama anapanda.

Lililo zito zaidi ni maneno ya wanaume wa njiani. Chagueni njia kwa macho ya msichana: kijiwe kinachomsumbua kikwepwe hata kama njia inarefuka, na awe na mwenzake daima. Kwa upande mwingine, msichana aliye juu ya baiskeli hasubiri kituoni gizani wala halazimiki kukubali lifti ya bodaboda asiyeijua, na wazazi wengi niliozungumza nao walishawishika na hoja hiyo moja.

Mvua, giza na joto

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba yana kanuni moja: maji yasiyoonyesha ardhi hayavukwi. Chini yake kuna shimo au mtaro, na maeneo kama Jangwani, bonde la Msimbazi, hufurika kwa saa chache. Kila kijana awe na nauli ya akiba mfukoni ili baiskeli ibaki shuleni chini ya kufuli siku mvua ikizidi. Mwezi Julai jua huchomoza karibu saa 12 na nusu, kwa hiyo anayeondoka saa 12 kamili anaendesha gizani na taa zote mbili ziwake. Joto la Januari na Februari linahitaji chupa ya maji kwenye baiskeli, na kwa safari ya kurudi, dakika 15 za kivuli kabla ya kuanza.

Matunzo ya Jumamosi, na siku ya ajali

Kijana aitunze baiskeli mwenyewe. Kila Jumamosi ajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, afute mnyororo na kuutia mafuta kidogo, abane breki aone kama zinashika kabla mpini haujagusa usukani, na akaze nati za magurudumu kwa spana. Ajifunze kuziba pancha kabla ya safari ya kwanza. Mara moja kwa muhula apelekwe kwa fundi.

Akianguka, kwanza atoke barabarani, baiskeli baadaye. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Akiwa amegonga kichwa na baadaye akatapika, akasinzia kusiko kwa kawaida, akachanganyikiwa au maumivu ya kichwa yakazidi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Akiwa amegongwa na chombo cha moto, namba yake iandikwe na polisi wapewe taarifa ili mpate PF3, fomu ya polisi ya kwendea matibabu. Helmeti iliyogonga chini kwa nguvu isivaliwe tena. Baada ya hapo kaeni na lile daftari la njia, muweke alama mahali alipoangukia, na muulizane kama njia ibadilishwe. Akitaka kupumzika wiki moja, apumzike.

Daftari hilo lisasishwe kila muhula, maana mitaro hufunguliwa, barabara huchimbwa na vijiwe huhama. Ifikapo Oktoba, kabla wa kidato cha nne hawajaingia kwenye mitihani yao ya Novemba, kiongozi wa msafara amkabidhi daftari, pampu na nafasi ya mbele kijana wa kidato cha pili au cha tatu, waende pamoja wiki mbili, ili Januari wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza wakifika wamkute mtu anayeijua njia.